Mjadala: Asili ya mitokondria ifundishwe skuli, au tubaki na mchoro tu?

Assalaam aleikum. Kwenye kikao cha wazazi hapa Wete, mzee mmoja alitaka somo la asili ya oganeli, yaani viungo vidogo vya ndani ya seli, liachwe: ni mambo ya mageuko na halimfai mtoto kitu. Wengi wakamuitikia. Mimi napinga. Lifundishwe, tena kwa kirefu.

Mtoto anakariri kwamba mitokondria hutoa nishati, anachora, basi. Haambiwi kuwa ina DNA yake yenyewe, mbali na ya kiini, iliyojifunga duara kama ya bakteria. Kwa binadamu ina jeni 37 tu. Ribosomu zake, yaani mitambo midogo ya kuundia protini, nazo zinashabihi za bakteria. Mwanabiolojia wa Marekani Lynn Margulis alieleza mwaka 1967, katika makala iliyokwisha kukataliwa na majarida mengi, kwamba mitokondria na kloroplasti (oganeli ya mimea na mwani inayonasa mwanga) zilikuwa bakteria waliojitegemea, wakaingia ndani ya seli nyengine na kubaki humo kizazi hadi kizazi. Hilo wanasayansi wamelimaliza. Wanachobishania hadi leo ni kama seli iliyoipokea mitokondria ilikuwa na kiini tayari.

Tuje kwetu. Mwani wanaolima mama zetu, spinosamu na kotonii, hata ukionekana kijani kwenye kamba ni jamii ya mwani mwekundu. Kloroplasti zake bado zinanasa mwanga kwa protini za rangi nyekundu na buluu, zile zile walizonazo sayanobakteria, bakteria wanaoishi kwa mwanga, ambao ndio asili ya kloroplasti.

Na malaria je? Kimelea chake kina oganeli inayoitwa apikoplasti, mabaki ya kloroplasti ya mwani mwekundu. Haitumii tena mwanga, lakini ikifa, kimelea nacho hakina maisha. Ndiyo maana doksisaiklini, dawa ya bakteria, inatumika pia kwa malaria: inazishika ribosomu za humo, zinazoshabihi za bakteria. Haiui papo hapo. Kimelea huzaa kwanza, ndipo kizazi kinachofuata kinapokufa. Anayesema somo hili halina faida hajaambiwa habari hii.

JIBU: Waaleikum salaam Maalim. La dawa nimelifahamu, lifundisheni. Khofu yangu ni kwamba leo mnaanza na bakteria, kesho mtamwambia mwanangu binadamu katoka wapi.

MLETA MADA: Bi mkubwa, khofu yako naiheshimu, na sitokuficha: somo hili ni la mageuko, kwa hivyo suali hilo mwanao ataliuliza. Bora aliulize darasani, mbele ya mwalimu na wewe ukijua, kuliko alikute peke yake kwenye simu. Sisi tumeambiwa katika Qur'ani tumtazame ngamia namna alivyoumbwa. Sioni kwa nini seli tuikimbie. Na mwenye maelezo mengine ya kwa nini kimelea cha malaria kinabeba kipande cha mwani, ayalete hapa tuyapime.