Naandika riwaya ya dada wawili Wayahudi wa Rhodes, mhariri anataka niingize mapenzi na ofisa Mjerumani. Nishaurini

BintiPangani

Habari zenu wadau. Naomba ushauri, hata ukiwa mchungu nitaupokea.

Riwaya yangu ni ya Reina na Matilde, waliozaliwa La Juderia, mtaa wa Wayahudi ndani ya mji mkongwe wa Rhodes, kisiwa ambacho leo ni cha Ugiriki, karibu na pwani ya Uturuki. Kisiwa hicho Italia ilikinyang'anya dola ya Kituruki mwaka 1912. Nyumbani wanasema Ladino, Kihispania walichotoka nacho mababu zao walipofukuzwa Hispania mwaka 1492. Shuleni ni Kiitaliano, sokoni Kigiriki na Kituruki. Vijana wengi walikuwa wakiondoka kutafuta maisha, na sehemu kubwa walikimbilia Kongo ya Wabelgiji. Reina naye anaposwa na mtu wa kwao mwenye duka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Anapanda meli, Matilde anabaki na mama. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini inatoa sheria za ubaguzi, watoto wa Kiyahudi wanafukuzwa shule. Septemba 1943 Italia inasalimu amri, Wajerumani wanakitwaa kisiwa.

Mhariri amesoma rasimu, anasema Matilde hana mapenzi. Anataka ofisa kijana, mpole, amwonee huruma na kumficha, la sivyo msomaji atachoshwa na huzuni. Halafu anataka nipunguze sura za Kongo. Reina kakimbia ubaguzi, kafika mji uliogawanywa kwa rangi, na safari hii yeye yuko upande wa wanaonufaika. Mhariri anasema hilo linamwondolea msomaji huruma.

Moyo wangu unakataa yote mawili, ila kitabu nakipenda na nataka kitoke. Nifanyeje?

Kipanga_wa_Dom

Dada, mhariri anajua soko. Watu wananunua mapenzi. Mpe huyo ofisa sura mbili tatu, kitabu kitoke, cha pili utaandika utakavyo.

Mama Zuhra

Kipanga mwanangu, hapo sikubaliani nawe kabisa.

BintiPangani, historia ya wanawake wa kisiwa kile naisoma kwa miaka mingi, nikuambie ninachokijua. Katikati ya Julai 1944 Wajerumani waliwaita wanaume kwanza, wafike na vitambulisho kwenye jengo lililokuwa la jeshi la anga la Italia. Wakazuiwa humo. Kisha wakaitwa wanawake, waje na watoto, na chakula, na dhahabu, kwa kitisho kwamba wasipokuja waume na baba zao watauawa. Waliambiwa wanahamishiwa kisiwa kingine. Kwa hiyo wanawake ndio waliokaa usiku ule nyumbani wakiamua nini kifungwe na nini kiachwe. Unashona pete kwenye pindo la gauni au unaiacha kwa jirani Mgiriki? Mama mzee asiyeweza kutembea unambeba vipi? Lile kasha la ashugar, mashuka na nguo za harusi alizotarizi binti tangu akiwa mdogo, unalifanyaje? Usiku huo mmoja una kitabu kizima ndani yake. Ofisa mpole wa nini?

Julai 23 walitembezwa hadi bandarini na kupakiwa kwenye matishari ya mizigo. King'ora kilipigwa ili watu wa mjini wasitoke majumbani. Watu zaidi ya 1,600. Walipita Piraeus, kambi ya Haidari karibu na Athens, kisha mabehewa ya mizigo hadi Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani huko Poland, wakafika Agosti 16. Zaidi ya wiki tatu njiani, kiangazi, maji hayatoshi. Waliobaki hai mwishoni ni kama 150, na wengi wao walikuwa wanawake vijana wa rika la Matilde wako.

Ukimweka ofisa mwenye huruma katikati ya hayo, msomaji atatoka akimkumbuka yeye. Matilde atakuwa msichana aliyeokolewa, na mama yake na majirani watakuwa pazia la nyuma. Mimi nakusihi usifanye hivyo.

Ndege_Mnana

Nakazia alipoishia mama. Kama mhariri anataka mvutano, upo wa kweli na ni mkali kuliko huo wa kubuni.

Balozi mdogo wa Uturuki kisiwani, Selahattin Ülkümen, alikwenda kwa mkuu wa Wajerumani kudai raia wa Uturuki waachiwe. Na si raia peke yao, alidai na wake na waume zao, akisema kwa sheria ya Uturuki mtu aliyeoana na raia naye ni raia. Sheria hiyo haikuwapo, aliitunga pale pale. Waliachiwa watu wapatao 40. Yad Vashem, taasisi ya Israel ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, ilimtambua mwaka 1989.

Sasa fikiria ua mmoja wa La Juderia. Jirani wa Matilde aliolewa na mtu ambaye baba yake hakuwahi kubadili karatasi za Kituruki. Wasichana hawa wamekua pamoja, wameimba romansa zile zile, nyimbo za Kiladino, kwenye harusi za wenzao. Mmoja anatolewa kwenye lile jengo, mwingine anabaki. Atakayetoka ataishije miaka 50 iliyobaki? Hapo kuna mapenzi, hofu na aibu, na hujatunga shujaa.

La ziada: mufti wa Rhodes, Süleyman Kaşlıoğlu, aliyaficha magombo ya Torati msikitini. Kwa msomaji wa Zanzibar au Mombasa, mufti yule na balozi yule wana uzito wake. Wasiwe zaidi ya wanavyostahili tu, wanawake wabaki mbele.

Mhakiki255

Nimewahi kukutana na rasimu za aina hii, kwa hiyo naongeza machache ya ukweli wa mambo. Usimvike Matilde nyota ya njano, ile alama waliyolazimishwa Wayahudi kwingineko. Usimjengee geto, mtaa wa kuwafungia Wayahudi, lenye ukuta wala seng'enge. Rhodes haikuwa Warsaw. Kwa miezi mingi chini ya Wajerumani maisha yaliendelea, na njaa, na mabomu ya Waingereza yaliyoilenga bandari yakaangukia mtaa wao mapema mwaka 1944. Hatari ilikuja ndani ya siku chache, na ndiyo maana wengi hawakukimbia.

Jingine ni lugha. Kambini hawakuelewa amri za Kijerumani, na Wayahudi wa Poland hawakuamini kwamba hawa nao ni Wayahudi, maana hawakujua Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Matilde mpweke hata kati ya wenziwe. Hilo usiliache.

Mwana_Kamalondo

Jambo yenu bote. Miye niko Lubumbashi, na nimefurahi kuona mtu anaandika juu ya hawa watu kwa Kiswahili. Sinagogi lao la mwaka 1930 lingali limesimama hapa kwetu.

Dada, sura za Kongo usiziguse. Ukizipunguza utakuwa umeandika kitabu ambacho Mzungu yeyote angeweza kuandika. Wengi wao walifika maskini, wakalala nyuma ya maduka ya wajomba, wakiwauzia watu weusi nguo. Wabelgiji waliwadharau kidogo. Hata hivyo walikaa mji wa wazungu, na babu zetu walikaa upande wa pili, Kamalondo, na usiku hawakuruhusiwa kuonekana katikati ya mji. Reina alikuwa na boyi jikoni. Mpe huyo boyi jina, mpe mke na watoto, mpe mawazo yake.

Na Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya shaba, waligoma kudai mishahara. Tarehe 9 askari wakawapiga risasi kwenye uwanja wa mpira. Léonard Mpoyi, msemaji wao, aliuawa hapo hapo, na wengine makumi. Reina alikuwa mjini siku hiyo. Alisikia milio. Alisema nini mezani jioni ile? Kama alinyamaza, andika kwamba alinyamaza. Msomaji wa huku kwetu atamwelewa zaidi, na atamlilia mama yake vilevile.

Kipanga_wa_Dom

Mama Zuhra, nimesoma hadi mwisho. Narudisha nilichosema, hasa baada ya huo usiku wa kufunga vitu. Swali tu: dada hawa wawili wataunganaje kwenye kitabu wakati vita imekata meli na barua?

Ndege_Mnana

Msalaba Mwekundu. Fomu zake ziliruhusu maneno 25 tu, ya kifamilia, na zilichukua miezi. Ampe Reina fomu moja tu iliyofika, na nyingine aliyoituma ikachelewa. Baada ya vita baadhi ya walionusurika walikwenda kuungana na ndugu zao huko huko Kongo, kwa hiyo hata kukutana kunawezekana.

BintiPangani

Shikamoo mama Zuhra, na asanteni nyote. Nimemwandikia mhariri: ofisa haingii, na sura za Kongo zinaongezwa. Akikataa nitatafuta mwingine. Boyi sasa anaitwa Kalala, na siku ile ya Desemba naiandika upya kwa macho yake, maana mdogo wake yuko kati ya waliogoma.

Mwana_Kamalondo, utakubali kunisomea sura hizo kabla hazijatoka? Nataka Kiswahili cha Kalala kiwe cha kwenu, si cha Tanga.

Mwana_Kamalondo

Tuma leo hii. Na bibi yangu yupo, nitamsomea kwa sauti.