Ametutangaza kwa maiki mbele ya watu wote kwamba tumelipa safari kwa kudunduliza. Huyu mtu anajiona nani?

Wakuu, naandika nikiwa katikati ya bahari na mikono bado inatetemeka. Intaneti ya kwenye meli inauzwa bei ya dhahabu, nimeinunua makusudi ili nimalize hili. Mods, msiuunganishe uzi huu na ule wa "safari za nje kwa bei nafuu". Huu uacheni hivi hivi.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule anayekusanya mke na mume, mke na mume, akawapeleka Dubai kupanda meli ya kitalii. Yule wa miwani myeusi saa nne usiku. Yule ambaye manukato yake yanashuka gatini nusu saa kabla meli haijafunga kamba. Yule wa "familia yangu, familia yangu", na jina lako halijui mpaka afungue daftari la risiti.

Jana usiku ulikuwa usiku wa mavazi rasmi. Mke wangu kavaa gauni la zambarau aliloshonesha Kariakoo kwa ajili ya usiku huo mmoja tu. Miaka 20 ya ndoa, wakuu, sijawahi kumwona amependeza vile. Tumekaa meza ya kundi letu, samaki kaja, mke wangu anapeleka uma mdomoni. Jamaa akasimama. Akaomba ile maiki ambayo wahudumu wanaitumia kuimbia watu siku zao za kuzaliwa. Nikajua anataka kututakia heri ya ndoa, maana tulimwambia mapema.

Akasema hivi, neno kwa neno: "Hawa mnaowaona ni wale wangu wa kudunduliza! Wamelipa elfu kumi, elfu ishirini, mpaka nikachoka kuandika risiti. Leo wanakula kamba kochi! Tuwapigie makofi!"

Na watu wakapiga makofi. Wahindi, Warusi, Wajerumani, watu wasiojua neno moja la Kiswahili, wakapiga makofi huku wanatutazama.

Mke wangu akashusha uma. Kipande cha samaki bado kipo kwenye uma. Akajifuta midomo taratibu, akakunja kitambaa mara nne, akaniambia, "Baba Nasra, twende." Basi. Hakusema kingine mpaka asubuhi.

Halafu hata hao kamba kochi wenyewe hawakuwepo! Tulikuwa tunakula samaki!

Kwa wasioelewa kwa nini nimekasirika kiasi hiki: mke wangu ana banda la chakula. Anaamka saa tisa usiku. Kila senti aliyopelekewa huyu bwana ina harufu ya vitunguu vya mke wangu. Alikivunja kikoba chake ili amalizie fungu la mwisho, na huyo huyo jamaa ndiye aliyetubembeleza, "Mama, leteni mtakachopata, mimi ni mtu wa watu." Mtu wa watu! Ukaichukua elfu kumi yake ukaitia mfukoni, ukasema asante, ukaja kuitangaza kwa maiki?

Kudunduliza ni wizi? Tumemkopa nani?

Na dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Khasab, kule Musandam, kaskazini mwa Oman, tulipanda zile boti za mbao zenye mazulia na mito, unapita katikati ya milima mikavu mpaka karibu na kisiwa cha Telegraph ambako Waingereza waliweka kituo cha nyaya karne ya 19. Mahali pa ajabu, maji yametulia, pomboo wanaruka ubavuni. Jamaa kasimama mbele kabisa anajirekodi. Pomboo wote wa Oman nimewaona katikati ya miguu yake.

Kesho yake Muscat. Meli inafunga Matrah hapo hapo mjini, maana mizigo ilihamishiwa Sohar tangu 2014 na bandari ile wakaachiwa watalii. Kibasi kinakutoa mpaka getini, unatembea kando ya bahari, unaingia sokoni. Tunabishana bei ya ubani mimi na mke wangu, mzee mwenye duka katujibu kwa Kiswahili. Kiswahili cha Unguja, kitamu kuliko chetu sote! Kazaliwa Malindi ya Unguja, kaondoka kijana. Akamwekea mke wangu kigoda, akamimina kahawa, akaleta halua, akamuuliza habari za Darajani, kama vile anamuuliza mtoto wa dada yake. Mke wangu anacheka. Ndipo jamaa akatokea kwenye uchochoro anapiga kelele, "Nyie wawili, meli haisubiri maskini!" Mzee akainamisha kichwa kwa aibu ya mtu mwingine. Na muda wa kurudi ulikuwa bado kabisa, na aliyeingia melini wa mwisho ni yeye, na mifuko kumi.

Lile nilimeza. Hili la maiki silimezi.

Leo ni siku ya bahari, hakuna bandari mpaka kesho kisiwa cha Sir Bani Yas, Abu Dhabi. Wakuu, hii ndiyo siku niliyoilipia hasa. Nilitaka mke wangu alale kwenye kiti sitaha ya juu, asisikie mtu anaita "mama, ongeza maharage", afumbe macho, meli iende. Badala yake yuko kebini. Kebini yetu ni ya ndani, haina dirisha, ukizima taa mchana unakuwa usiku wa manane. Nimembembeleza, hataki kutoka. Anasema kila atakayemtazama atakuwa anahesabu risiti. Nimepanda juu peke yangu kutafuta hewa, na nani nimemkuta katandaza taulo kwenye viti sita vya kivuli, vya "wageni maalum"? Ananipungia mkono! Ananiita "bwana harusi"!

Nataka aombe radhi. Kwa maiki ile ile, mbele ya meza zile zile, mke wangu akiwa na gauni lile lile. Sitaki ujumbe wa WhatsApp wenye vikatuni vya mikono. Ukishika maiki kumvunjia mtu heshima, shika maiki umrudishie.

Tuwapigie makofi. Tuwapigie makofi! Neno hili halinitoki kichwani.

Kichwa_Maji: Nimekaa paleee. Uzi bila picha ya gauni haujakamilika.

BintiPangani: Kaka, pole sana. Nimesoma hapo alipokunja kitambaa mara nne nikaacha kula. Huyo mwanaume angenikuta mimi angeimeza maiki na waya wake. Mwambie Mama Nasra wenye kuona aibu ni wale waliopiga makofi.

BintiPangani: Na maiki isiyo na waya ataimeza na betri.

Mzee wa Hesabu: Samahani mkuu, lakini si kweli mlidunduliza? Kasema uongo gani hapo?

Baba Nasra (mleta uzi): @Mzee wa Hesabu, nenda kasimame msikitini au kanisani kwenu utangaze mshahara wa jirani yako. Ni kweli pia. Halafu urudi utuambie ulitokaje pale.

Mzee wa Hesabu: Mkuu usinitolee mimi hasira, mimi sina maiki.

Tozo Kila Kona: YULE! Yule namjua vizuri, ninyi mna bahati. Mimi aliniombea viza ya Dubai ya kuingia mara moja. Wakuu, meli ikitoka Dubai ikaenda Oman, umeshatoka nchi yao, kurudi ni kuingia upya. Viza inatakiwa ya kuingia zaidi ya mara moja. Nikazuiwa pale pale kaunta na sanduku langu. Ya mke wangu aliiomba sawasawa. Mke wangu akapanda.

Kichwa_Maji: Subiri. Akapanda peke yake?

Tozo Kila Kona: Akapanda peke yake. Fungate! Aliniletea sumaku ya kubandika kwenye friji, imeandikwa Muscat.

Kichwa_Maji: Baba Nasra kaa pembeni, tumepata uzi.

Bibi Harusi Mstaafu: Mimi namuunga mkono mke wa Tozo. Tiketi imeshalipwa ashuke aende wapi? Mngelia wote wawili bandarini ingesaidia nini?

Tozo Kila Kona: Angalau angegeuka nyuma.

Baba Nasra (mleta uzi): Wakuu poleni na hayo, lakini jamaa kapita hapa sasa hivi kaniuliza mbona mke wangu hashuki kwenye mazoezi ya dansi. Kama hakuna kilichotokea! Mnaelewa? Hata hakumbuki!

Jikoni Sitaha ya Pili: Nimefanya kazi meli hizi upande wa jikoni. Mkuu, nenda mapokezi uombe kuonana na msimamizi wa ukumbi wa chakula, umwambie mgeni alitumia maiki kumdhalilisha mkeo. Wanayachukulia kwa uzito, na wanaweza kuwahamishia meza nyingine jioni hii hii. Lakini niwaambie ukweli, nyie abiria mnajua kulia. Sisi tunalala chini ya usawa wa maji, wawili kebini moja, mkataba wa miezi mingi na siku nzima ya kupumzika huioni. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 unasema baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa siku, na unaruhusu zigawanywe mara mbili. Sasa saa sita ulale, nne ufue, upige simu nyumbani, usimame foleni. Halafu mtu ananirudishia mayai mara tatu.

Mwana wa Likoni: Mmewahi kupanda, shukuruni. Sisi Mombasa meli hizo zinakuja hapa hapa Kilindini, tunaziona na balbu zake zote. Wageni wanashuka, mabasi yanawasubiri, haoo Tsavo, haoo Shimba Hills. Jioni wanarudi, meli inaondoka. Mimi nina vinyago vyangu nimesimama tangu alfajiri, mtu ananipungia kupitia kioo cha basi. Hayo ndiyo madharau.

Shangazi wa Ruwi: Assalaam alaykum. Baba Nasra, umefika Matrah hukunitafuta, na mimi nipo Ruwi hapa, hata robo saa kwa gari haifiki? Wallahi mmenikosea. Na huo ubani mlinunua upi? Watu wa nyumbani mkija mnauziwa ule wa vumbi, mweusi mweusi. Ulizeni hojari, ule wa Dhofar, mweupe wenye kijani kwa mbali. Kila mwaka nasema.

BintiPangani: Shangazi, hojari kilo shilingi ngapi?

Shangazi wa Ruwi: Njoo inbox mwanangu, hapa kuna madalali.

Baba Nasra (mleta uzi): Shangazi, wa alaykumu s-salaam. Mzee alitupa ule wa kijani na akakataa kuchukua hela yote. Ila jamani, uzi ni wa MAIKI. Nimefuata ushauri wa @Jikoni, meza wanatubadilishia. Radhi bado naitaka.

Mzee wa Hesabu: Mimi tangu MV Bukoba izame Ziwa Victoria, Mei 1996, chombo cha maji hunioni nacho. Mbaki na maiki zenu.

Kigegezi: Mzee usiogope bahari, ogopa boti ya Pemba. Mkondo wa Nungwi ukianza, kila abiria anapewa mfuko mweusi wa kutapikia, na aliye jirani yako anaanza kabla hujafungua wa kwako. Nilikuwa na shati jeupe naenda posa.

Bibi Harusi Mstaafu: Ulikubaliwa?

Kigegezi: Nilikubaliwa kwa huruma. Na ubaya ni kwamba nililipia daraja la juu.

Mwana wa Likoni: Tafuna tangawizi mbichi kabla ya kupanda, na usinywe chai ya maziwa.

Kigegezi: Tangawizi nilitafuna. Ilirudi na yenyewe.

Jikoni Sitaha ya Pili: Kosa ni kukaa juu. Chombo chochote, kaa chini, katikati kuelekea nyuma. Mbele juu ndiko kunakorusha.

Baba Nasra (mleta uzi): Wakuu?

Kichwa_Maji: Baba Nasra subiri kidogo, tumalize la Pemba.

Kigegezi: @Jikoni, nani kakudanganya nyuma? Nyuma kuna moshi wa injini, na mwenye kuku wake siku zote anakaa huko huko.