Naombeni ushauri: niandike kwamba Mtanzania amekosekana, ilhali maombi 37 yako mezani kwangu?

Afisa wa Sakina:
Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni afisa utumishi katika kampuni ya utalii hapa Arusha, yenye wafanyakazi wasiofika arobaini, na kwa wiki mbili sasa nina jambo ambalo siwezi kulizungumza ofisini kwa uhuru. Mkurugenzi wetu anataka kumwajiri dada mmoja aliyeko Ujerumani awe msimamizi wa mauzo ya soko la huko. Ameniagiza niandae maombi ya kibali cha kazi, pamoja na barua inayoeleza kwamba kampuni ilimtafuta Mtanzania mwenye sifa hizo na haikumpata. Barua hiyo nitaitia saini mimi.

Tatizo ni namna tulivyomtafuta. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ndani, mahali ambapo huonwa na madereva wetu na mleta maziwa, kwa siku tano, na mbili kati ya hizo zilikuwa Jumamosi na Jumapili. Sharti la kwanza lilisema mwombaji awe mtu ambaye Kijerumani ni lugha yake ya kuzaliwa. Hata hivyo kuna mtu alilipiga picha, picha ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na kufikia Jumatatu nilikuwa nimepokea maombi 37. Mengi hayafai, nasema kweli. Lakini manne yana vyeti vya Kijerumani: matatu ni ya kiwango cha B2, yaani cha juu ya kati, na la nne ni la binti aliyefanya kazi miaka mitatu hotelini Karatu, ambaye ana C1, kiwango cha juu zaidi cha umahiri wa lugha kuliko B2. Mkurugenzi hajalifungua hata moja.

Simchukii huyo dada Mjerumani. Nimezungumza naye kwa video, ana adabu na anaijua kazi. Ila nyumbani ninaishi na mdogo wangu na mtoto wa marehemu kaka yangu, wote wamemaliza chuo, wote wanaamka kila asubuhi bila pa kwenda, na kila nikiishika kalamu ninawaona wao. Ninachelea kwamba huenda ni uchungu wa nyumbani unaonipotosha katika jambo la ofisini. Je, nitie saini? Na nikikataa, nikatae kwa hoja gani?

Mtaani Kaloleni:
Usitie saini, dada. Nilihitimu mafunzo ya kuongoza watalii mwaka 2022, na tangu hapo nimepeleka barua kwa mkono katika kampuni nyingi kuanzia Mianzini hadi Njiro, na jibu nililozoea ni kwamba nafasi zimejaa. Leo ndipo ninapojua kwamba nyingine hutangaziwa mleta maziwa. Mgeni ana kwao. Sisi kwetu ni hapa.

Mzee wa Usa River:
Marahaba, binti yangu. Nimo katika biashara hii tangu mwaka 1998, na nitasema neno ambalo vijana hawatapenda kulisikia. Msimamizi wa mauzo si sawa na dereva wala mpishi wa kambi, kwa sababu yeye ndiye anayewaleta wageni ambao dereva na mpishi watawahudumia. Mwaka 2020 watalii waliofika nchini walishuka hadi kama 620,000, kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia, na magari yangu sita yakaotewa na majani uani. Madereva walirudi kulima, mmoja akaanza kuuza mitumba Tengeru. Aliyeninusuru ni mama mmoja wa Kiholanzi niliyekuwa nimemwombea kibali mwaka 2019. Aliwapigia simu wateja mmoja baada ya mwingine, kwa lugha yao, akawasihi wasidai kurudishiwa fedha bali waahirishe safari, na wengi wakamsikiliza kwa kuwa alikuwa mtu wa kwao. Kwa ajili ya mgeni yule mmoja, Watanzania kumi na mmoja walikuwa na kazi ya kurudia.

Kwa hiyo wanaodai kwamba kila mgeni akiingia mwenyeji mmoja hutoka wanazihesabu kazi kama vipande vya nyama kwenye sinia. Kazi huzaa kazi. Lakini tangazo la kubandika ndani, hapana. Hilo ni la aibu, na kibiashara ni ujinga vilevile, maana huyo binti wa Karatu haombewi kibali, halipiwi tiketi ya ndege, na mashimo ya barabara za mbugani anayajua.

Mstaafu wa Idara ya Kazi:
Naomba niurejeshe mjadala kwenye karatasi itakayotiwa saini. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka Kamishna wa Kazi, kabla ya kulikubali ombi, ajiridhishe kwamba mwajiri amefanya kila juhudi ya kumpata mtaalamu wa ndani. Barua yako ndiyo ushahidi wa juhudi hizo. Ukiandika kwamba mlitafuta mkakosa, huku maombi manne yenye vyeti yamo kwenye droo yako, hutakuwa umetoa maoni yako kuhusu wageni. Utakuwa umetoa taarifa ya uongo kwa mamlaka ya serikali, tena kwa jina lako.

Kuhusu lugha ya kuzaliwa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa utaifa na wa asili ya mtu, nayo inamlinda hata mwombaji wa kazi ambaye bado hajaajiriwa. Kudai kiwango cha C1 ni halali, kwa kuwa huo ni ujuzi unaopimika. Kudai lugha ya kuzaliwa ni kumtaka mtu azaliwe kwingine.

Kumbuka pia kwamba kibali cha mwajiriwa wa kawaida hutolewa kwa muda maalumu na huweza kuongezwa, lakini jumla ya muda huo ina kikomo, na mwajiri anatakiwa awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi wa mgeni huyo. Muulize mkurugenzi ni nani atakayerithishwa. Na kwa yeyote anayejiandaa kuitaja amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara 15, ikiwemo ya kuongoza watalii, amri hiyo inahusu kuendesha biashara, haihusu nafasi hii ya kuajiriwa. Ukiitumia utashindwa hoja mapema.

Afisa wa Sakina:
Ninawashukuru. Mzee wangu, habari ya yule mama wa Kiholanzi imenifikirisha sana, kwa maana mkurugenzi husema maneno yaleyale. Jana nilijaribu kumweleza suala la tangazo, akanijibu kwamba huo ni utaratibu wa karatasi tu na kwamba hata Marekani hufanya hivyohivyo. Kuna anayejua kama ni kweli?

Mwana wa Kiborloni:
Dada, mkurugenzi wako hakukosea sana. Mimi ni mtoto wa Moshi, ninaandika programu za kompyuta huku Texas, Marekani, kwa viza ya H-1B, ile ya wataalamu wa kigeni wanaoombewa na mwajiri, kwa hiyo huku mimi ndiye yule dada Mjerumani. Viza hizi mpya ni 65,000 kwa mwaka, pamoja na 20,000 za wenye shahada za uzamili au zaidi kutoka vyuo vya Marekani, na kwa kuwa waombaji huzidi nafasi, hupigwa bahati nasibu. Ajira zikipungua, sisi hutajwa kwanza. Februari 2009, hali ikielekea kwenye asilimia 10 ya ukosefu wa ajira iliyofikiwa Oktoba, Bunge liliyawekea masharti makali mabenki yaliyookolewa kwa fedha za umma yakitaka kuajiri watu wa viza hii. Juni 2020, miezi miwili baada ya kiwango hicho kupita asilimia 14, Rais Trump alizuia wenye viza mpya kuingia nchini, zuio lililodumu hadi Machi 2021. Septemba 2025 akatangaza malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwa H-1B waajiri walio wengi hawatakiwi kuthibitisha kwamba Mmarekani amekosekana. Hutakiwa kuahidi mshahara usiopungua ule wa soko. Uthibitisho hudaiwa baadaye, mwajiri anapomwombea mtu ukaazi wa kudumu, na hapo ndipo nilipokutana na ubao wenu. Kanuni zinataka tangazo litoke gazetini kwa Jumapili mbili. Langu lilitoka kwenye gazeti la karatasi ambalo sijawahi kumwona mwandishi wa programu hata mmoja akilishika, likaelekeza maombi yatumwe kwa posta, ilhali nafasi nyingine zote za kampuni hiyo huombwa kwa mtandao. Hakuomba mtu. Nami nilifurahi, sitawadanganya. Baadaye walipunguza wafanyakazi, akiwemo mzee mmoja Mmarekani aliyenifundisha kazi katika kitengo kingine, naye akaniuliza kwa upole kama tangazo la nafasi yangu nililiona mimi mwenyewe. Sikumjibu.

Serikali yao iliwahi kuishtaki Facebook kwa matangazo ya namna hiyo, na Oktoba 2021 kampuni ikakubali kulipa hadi dola milioni 14.25. Mwaka 2023 Apple ikakubali kulipa hadi milioni 25. Mwambie mkurugenzi kwamba ni kweli hufanyika huku, na hulipiwa.

Halafu mfikirie huyo dada pia. Kibali kinachomfunga mtu kwa mwajiri mmoja humfanya asiweze kusema hapana. Mimi nikiachishwa leo nina siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kuondoka, na meneja wangu analijua hilo kila anapoomba nifanye kazi Jumapili.

Mtaani Kaloleni:
Basi kaka, rudi umwachie yule mzee nafasi yake.

Mzee wa Usa River:
Taratibu, mwanangu. Kiborloni wapo wanaosomeshwa na mshahara huo.

Binti Soweto, Moshi:
Mstaafu ameutaja mpango wa kurithishana ujuzi. Mimi niliwahi kuwa mrithi huyo katika kampuni moja ya kupandisha wageni mlimani. Jina langu liliandikwa kwenye fomu nikiwa karani wa mapokezi, nikapigwa picha nikiwa nimeketi karibu na meneja mgeni, na kwa miaka miwili nilichorithishwa ni nywila ya mashine ya kutolea nakala. Kibali kilipokaribia kwisha niliitwa kutia saini taarifa inayosema mafunzo yanaendelea vizuri. Nilisaini, nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Meneja mwenyewe hakuwa na kosa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana mwanafunzi. Alipojua, mwezi wa mwisho, alinifundisha kupanga bei za safari kwa siku tisa mfululizo, na siku hizo tisa ndizo zilizonipa kazi niliyonayo sasa.

Kwa hiyo, dada, hata kama mgeni atakuja, usikubali jina la mrithi liandikwe kwa kubahatisha. Liwe la yule wa Karatu, na mkataba wake useme atakaa meza gani na atakabidhiwa nini kila baada ya miezi sita.

Afisa wa Sakina:
Ninarudi kuwapa mrejesho. Ijumaa niliingia kwa mkurugenzi nikiwa na maombi manne yaliyochapishwa na barua yangu isiyo na saini. Sikumwambia lolote kuhusu wadogo zangu wala kuhusu ukosefu wa ajira nchini. Nilimwambia tu kwamba barua ile inasema jambo ambalo haya manne yanalikanusha, na kwamba afisa kazi akija kukagua atanikuta mimi kwanza na yeye baadaye. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza nani ofisini mwetu anaweza kupima Kijerumani cha mtu. Kwa kweli hakuna.

Tumekubaliana hivi: tangazo limetolewa upya kwa siku 14, hadharani, likidai C1 pasipo neno la kuzaliwa, na wakala wetu wa Munich, ambaye ndiye mnunuzi mkubwa wa safari zetu, atawahoji waombaji kwa simu bila kuambiwa ni wa taifa gani. Dada Mjerumani naye atahojiwa siku hiyohiyo. Akiwashinda, nitaandika kwamba alishindanishwa na nani na akashinda, na jina la mrithi litakuwa la atakayemfuata kwa alama. Barua ya namna hiyo nitaitia saini.

Wa Kaloleni, nafasi hii si ya fani yako, lakini Juni tutaongeza madereva waongozaji wawili. Tangazo nitalileta hapa kwa mkono wangu.

Mzee wa Usa River:
Na yule wa C1, binti yangu, Munich wakimkataa, mwelekeze kwangu kabla hajarudi Karatu.