Tupeane uzoefu: kuhama na familia kati ya Nakuru, Kisumu na magharibi

Mwanzilishi wa mada, Lanet, Nakuru

Wanachama wenzangu, salamu. Familia yangu inatarajia kuhamia Kisumu shule zitakapofungwa mwezi wa Aprili, kwa kuwa mume wangu amepata uhamisho wa kikazi. Ushauri wa jumla kuhusu kutafuta katoni na kuandika orodha tumeusikia wa kutosha. Ninachoomba ni mtu aeleze aliyoyafanya mwenyewe kabla gari halijafika mlangoni, na lipi kati ya hayo lilimfaa.

Nianze na yetu machache. Tumempa mwenye nyumba notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi na kubaki na nakala yenye sahihi yake, kisha tukakubaliana kwamba nyumba itakaguliwa sisi wenyewe tukiwepo, ili makato ya rangi, vitasa na vioo yajulikane papo hapo. Kodi ya kwanza na dipoziti ya Kisumu tumezitenga kana kwamba dipoziti ya hapa haipo kabisa, kwa sababu ni nadra kumwona mpangaji akirudishiwa fedha hizo mapema kiasi cha kumsaidia kulipia nyumba inayofuata. Lililobaki linalonisumbua ni safari yenyewe na nyumba ya huko.

Kutoka Migosi, Kisumu

Karibu Kisumu, dada. Sisi tulitokea mtaa wa Section 58 huko Nakuru, na tulihama msimu huohuo wa mvua za masika. Safari ni ya takriban kilomita 180, lakini usiipime kwa mwendo wa matatu, kwa maana lori lililopakia hupanda taratibu hadi Mau Summit, na baada ya Kericho dereva mwenye busara hushuka taratibu vilevile. Kericho hunyesha karibu kila alasiri. Kwa hiyo tulipakia jioni, lori likalala ndani ya ua wetu likiwa na mlinzi, likaondoka alfajiri. Magodoro yalifungwa kwa nailoni nzito kabla ya kuguswa na mtu, na turubai likafungwa juu ya mzigo ijapokuwa anga la Nakuru lilikuwa safi, jambo lililomfanya jirani mmoja acheke.

Bei ikubaliwe pamoja na kazi ya kupakia na kupakua, na useme mapema kama unahamia ghorofani. Wengi hukubaliana bei ya gari peke yake, kisha wakifika huku hukuta vijana langoni wakitaja bei yao huku mvua ikikaribia, na wakati huo huna nguvu ya kubishana.

Kuhusu nyumba, tuliichagua kiangazi lakini hatukuilipia mpaka tuliporudi kuitazama baada ya mvua kubwa. Upande wa Nyalenda na Nyamasaria kuna sehemu tambarare ambako maji hujaa, ilhali Riat iko mlimani. Sehemu nyingine hazifuriki, lakini udongo wake mweusi hunasa magurudumu, na lori husimama mbali na lango hadi vitu vyote vibebwe kwa mkokoteni. Uliza swali hilo moja kwa moja: je, lori lililopakia hufika mlangoni wakati wa mvua? Muulize mpangaji wa jirani, wala si ajenti.

Jambo la mwisho kutoka kwangu ni vyandarua. Kanda hii ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi zaidi nchini, na watoto waliokulia Nakuru hawana mazoea nayo. Vyandarua vyetu, misumari na kamba vilisafiri katika mkoba wangu ndani ya matatu, ili usiku wa kwanza visiwe chini ya rundo la viti.

Kutoka Kiamunyi, Nakuru

Mimi nilipita njia hiyohiyo kwa upande wa pili, nikitoka Kisumu. Kwa wanaokuja huku, swali la kwanza liwe la maji: yanatoka wapi? Visima virefu vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga hupata madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Kuchemsha hakuiondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi hubaki. Tulipojua kwamba ploti yetu inategemea kisima, tuliingiza gharama ya maji ya kunywa yaliyochujwa katika bajeti ya kila mwezi kabla ya kukubali kodi, na hapo nyumba iliyoonekana rahisi ikawa sawa na ile tuliyoikataa kwa kuwa ghali.

La pili ni stima. Mita ya tokeni ni mali ya nyumba, si ya mpangaji, na deni lililosajiliwa kwenye mita hiyo hukatwa kwa yeyote anayenunua. Kabla ya kulipa dipoziti niliomba nambari ya mita, nikanunua tokeni za fedha kidogo kupitia 888880, nambari ya malipo ya Kenya Power, nikasoma katika ujumbe uliorudi ni kiasi gani kilikuwa umeme na kama kuna kilichoenda kwenye deni. Ikiwa nambari hiyo haikubaliki, huenda ni mita ndogo ya mwenye nyumba, ambayo tokeni zake huuzwa kwa utaratibu wake. Hilo si kosa, ila ni heri ujue bei ya kila yuniti mapema. Katika nyumba unayoihama, punguza ununuzi katika wiki za mwisho, kwa sababu yuniti zilizobaki humwangazia mpangaji atakayekufuata.

Mwalimu, Lurambi, Kakamega

Walimu tuliohamishwa mbali na nyumbani kuanzia mwaka 2018 tuna uzoefu mwingi wa jambo hili kuliko tulivyotaka kuwa nao. Ninakubaliana na waliotangulia, isipokuwa katika jambo moja: sidhani ni lazima familia nzima na vitu vyote viende siku moja. Nilitangulia nikiwa na godoro, meko ya gesi, sufuria chache na nguo za kazi, nikapanga chumba kimoja, nikaujua mji kwa miguu kabla ya kuamua nyumba ya familia itakuwa wapi. Ni kweli kwamba kodi ililipwa mahali pawili kwa muda, na mwenye mapato finyu hawezi kuibeba kwa muda mrefu. Hata hivyo ilitugharimu kidogo kuliko kuhama mara mbili ndani ya mji uleule, jambo ambalo nimewaona wenzangu wakilifanya kwa sababu shule ilikuwa mbali au barabara haipitiki.

Kwa mwenye watoto wa shule, barua ya uhamisho pekee haitoshi. Mwalimu mkuu wa shule anayotoka anapaswa kumwachilia mtoto katika mfumo wa kompyuta wa Wizara ya Elimu ndipo shule mpya iweze kumpokea humo. Shughulikia hilo kabla shule hazijafungwa, kwa maana wakati wa likizo kumpata mwenye kushika mfumo ni kazi. Vyeti vya kuzaliwa, kijitabu cha kliniki cha mdogo na risiti za karo visiingie katoni yoyote. Visafiri na mzazi.

Kutoka Eldoret

Kwa ufupi: friji isimame wima njiani, na ikiwa ililazwa, isiwashwe ila baada ya saa kadhaa za kutulia. Mtungi wa gesi uondolewe kichwa chake cha kuwashia, usimame, usipakiwe na jiko la mkaa lililotoka kutumika.

Kutoka Seme, Kaunti ya Kisumu

Mnazungumzia nyumba za kupanga, nami niongeze kuhama kwa namna nyingine, yaani kutoka katika boma la baba na kuanzisha lako. Kwetu Wajaluo jambo hili haliamuliwi na mwenye lori. Lazima wazee wa upande wa baba wakubali na mmoja wao akuongoze kwenda kwenye kiwanja. Mwenye boma hubeba jogoo, mwanawe wa kwanza wa kiume hubeba shoka, na mke huja na moto. Nyumba ya kwanza hujengwa na kumalizika siku hiyohiyo, na familia hulala humo.

Msiotoka huku huenda mkaona ni sherehe tu, lakini ndiyo hasa siku inayohitaji mipango mikali, kwa kuwa hakuna kesho ya kumalizia. Nguzo, mabati, misumari, milango na mafundi wote walikuwa wamefika na kuhesabiwa jana yake, chakula cha wajenzi kilikuwa na msimamizi wake, na ndugu aliye mbali alikuwa amethibitisha kwamba atakuwepo, maana asingekuwepo anayetakiwa shughuli ingeahirishwa. Sofa, kabati na friji tuliziacha katika nyumba ya kupanga mtaani Mamboleo, Kisumu, hadi nyumba ya kudumu ilipokamilika, maana hiyo ya siku moja ni ndogo. Ng'ombe tuliyemnunua kaunti jirani alikuja mchana, akiwa na kibali cha afisa wa mifugo.

Mwanzilishi wa mada

Asanteni sana. Nimekwisha kumwandikia mwalimu mkuu, na mume wangu atakwenda Kisumu kwanza kama mwalimu wa Lurambi alivyoeleza. Nina swali kwa aliye Migosi: je, mkataba wa nyumba mliuandika, au mlitegemea risiti?

Kutoka Migosi, Kisumu

Tuliuandika, dada, na ninakusihi uuandike. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na sidhani utapata ya familia kwa bei hiyo. Kinachokulinda zaidi ni mlichokiandika: tarehe ya kulipa, muda wa notisi, nani hutengeneza mabomba, na dipoziti hurudi baada ya siku ngapi. Piga picha kila chumba ukiwa na msimamizi wa ploti kabla ya kiti cha kwanza kuingia, umtumie palepale kwa simu.