Wakwe wanakuja Jumamosi: Riesling, Silvaner au Grauburgunder?

Chande_Mainz: Wakuu, habari za leo. Jumamosi wakwe zangu wanakuja kula kwetu, mara ya kwanza tangu tufunge ndoa. Nataka chupa mbili za mvinyo mweupe mkavu (usio na utamu) wa hapahapa Ujerumani. Nimebaki na tatu akilini, kila moja na aina yake ya zabibu na mkoa wake: Riesling ya Mosel, Silvaner ya Franken, Grauburgunder ya Pfalz. Nichukue ipi?

MamaTunu: Mwanangu, mezani kuna nini? Na mfuko unasemaje?

Jiko_la_Kisauni: Silvaner, mjadala umefungwa. Spargel, yaani asparaga, zipo sokoni mpaka tarehe 24 Juni. Zile nyeupe, siagi ya kuyeyusha, viazi vya kuchemsha: Silvaner inakaa nazo kimya kimya, wakati Riesling na uchachu wake inaanzisha ugomvi. Halafu ile chupa bapa ya Franken, Bocksbeutel, baba mkwe akiiona tu atajua hukuokota chupa yoyote tu dukani.

MamaTunu: Nani amekwambia kuna Spargel?

Baharia62: Mimi na Riesling mpaka kaburini. Ila soma lebo, ndugu yangu, yasikupate yangu. Mwaka wangu wa pili Hamburg bosi alinialika kwake. Nikapita dukani, nikaona chupa imeandikwa Spätlese, bei imechangamka, nikasema ndiyo yenyewe. Kufika, mwenyeji kaandaa samaki wa kukaanga na saladi ya viazi yenye siki. Fundo la kwanza: sharbati! Mke wa bosi akaisogeza glasi pembeni taratibu, kwa adabu zote, akairudia keki ilipoletwa. Mimi jasho. Kumbe Spätlese inakwambia zabibu zilivunwa zikiwa zimeiva sana, haikwambii sukari imebaki kiasi gani. Tafuta neno trocken, yaani mkavu. Usipoliona, tazama kilevi: asilimia 8 ni dalili kwamba sukari nyingi haikuchachuka, 12 kwenda juu kwa kawaida ni mkavu.

Jiko_la_Kisauni: Na feinherb je, ile yenye utamu kidogo?

Baharia62: Hiyo haina kipimo kwenye sheria, kila mkulima na yake. Trocken inacho: sukari isizidi gramu 4 kwa lita, au mpaka 9 ikiwa haiupiti uchachu kwa zaidi ya gramu 2. Ndiyo maana trocken mbili zinaweza kuonja tofauti kabisa.

Chande_Mainz: Samahani wakuu, nilitingwa na kazi. Ni samaki wa kupaka, wali, na kachumbari yenye pilipili za kutosha. Mwisho wangu euro 12 kwa chupa.

MamaTunu: Si ungesema tangu mwanzo! Tui linabadilisha kila kitu. Pilipili ukiimwagia mvinyo wa asilimia 13, mama mkwe atalia machozi. Hapo hata hiyo feinherb ingekufaa. Ukilazimisha mkavu, chukua Grauburgunder, ina unene kidogo na uchachu mdogo.

Baharia62: Mama, kwa heshima, hapana. Samaki ana ndimu na ukwaju. Mvinyo usio na uchachu ukikutana na hivyo unapooza kama chai ya jana. Punguza pilipili, ongeza Riesling.

Jiko_la_Kisauni: Kupunguza pilipili ni dhambi.

Salma_Bonn: Mimi sinywi, ila nahudumu mezani hotelini. Chupa yoyote utakayochukua, itoe kwenye friji kama robo saa kabla, mvinyo ukiwa baridi kama barafu hautoi harufu. Na juisi ya zabibu za Riesling ipo, weka kwa asiyetumia.

Jiko_la_Kisauni: Ngoja kwanza. Changu Mainz umempata wapi?

Chande_Mainz: Si changu, ni Dorade, samaki wa Mediterania.

Jiko_la_Kisauni: Dorade wa kupaka! Kisauni wasisikie.

Baharia62: Anafaa sana, nyama yake imeshikana, haimwagiki kwenye mkaa. Tui la kopo au unakuna?

MamaTunu: Kopo bila shaka. Mbuzi ya nazi nani anayo Ujerumani?

Salma_Bonn: Ninayo. Nilitoka nayo Tanga ndani ya sanduku, na forodha walinifungulisha nieleze ule mdomo wenye meno ni wa nini.