Naombeni ushauri: klabu ya boti za tanga, lazima kila mtu apinduke?

Msafiri Mpya: Wakuu, habari za humu. Kuna klabu ya familia ziwani, wanaendesha boti ndogo za tanga. Si watu wa mashindano makali, wanakuja na watoto wao na kushinda huko mpaka jioni. Nilienda kuwatembelea wakanipokea vizuri mno, mzee mmoja akanikabidhi usukani wa boti yake kabla hata hajaniuliza jina. Nimeshajaza fomu ya familia: mimi, mke na watoto wawili. Kinachonikosesha usingizi ni kimoja. Mwanachama mpya haruhusiwi kutoka na boti mpaka apite zoezi la kupinduka. Yaani boti inalazwa makusudi, mnaingia majini, mnainyanyua wenyewe. Mke anaweza kusamehewa hilo?

Fundi Tanga: Karibu kwenye ugonjwa usio na dawa. Ushauri wangu ni mmoja: usinunue boti mwaka wa kwanza, tumia za klabu. Watoto waanzie kwenye Optimist, kale kaboksi ka kilo 35 alikochora Clark Mills mwaka 1947. Wakubwa ombeni Wayfarer, ni pana, inabeba familia na mizigo yenu.

Mama Wawili: Mkuu Fundi, hajauliza boti. Mleta uzi, mkeo anajua kuogelea?

Msafiri Mpya: Ananizidi mimi. Tatizo si kuogelea.

Mama Wawili: Sasa kaka, mtu anayeogelea ataogopa nini kuvaa jaketi na kulowa kidogo?

Msafiri Mpya: Haogopi. Hajui kama zoezi lipo.

Kidole Juu: Kaeni vizuri, uzi umeanza.

Msafiri Mpya: Basi niseme. Alikubali kujiunga kwa sababu nilimwambia hizi boti hazipinduki. Na sikutunga. Nilisoma kwamba boti za tanga zina uzito chini unaozirudisha zikilala. Tena ziwa lenyewe ni dogo, limezungukwa na miti, mawimbi hakuna.

Mzee wa Joshi: Kijana, ulichosoma kinahusu boti kubwa zenye mkuku, yaani uti wa chini ya boti, mzito wa chuma au madini ya risasi. Hizi ndogo chini zina ubao mwepesi tu wa kuteremsha na kupandisha. Uzito unaozuia boti isilale ni nyinyi wenyewe, mkikaa ukingoni upande wa joshi, yaani unakotoka upepo. Upepo ukikazana mmechelewa kuhama, mmelala.
Na hiyo miti unayoisifia ndiyo mbaya. Upepo wa ziwa lililozingirwa unakatika ghafla, kisha unarudi kwa kishindo kutoka upande mwingine. Kwenye maji ya wazi unauona unavyokuja, huko unakuvizia.
Zoezi lenyewe ni jepesi. Kwanza mnaitana majina kuhakikisha hakuna aliyebaki chini ya tanga. Mnalegeza demani, ile kamba inayokaza tanga, maana tanga lililokazwa halitoki majini, na likitoka linajaa upepo na kuwalaza tena. Mmoja anazunguka upande wa tumbo la boti, anaushika ubao, anapanda juu yake na kuegemea nyuma. Taratibu mlingoti unaanza kunyanyuka. Anayesamehewa zoezi hili ndiye atakayeiacha boti aogelee kutafuta ufuo siku ya kweli, na hapo ndipo watu wanapopotea. Boti iliyolala inaelea na inaonekana kwa mbali. Kichwa cha mtu hakionekani.

Ustadh wa Bara: Njia ya mwongo ni fupi. Leo boti, kesho nini? Kaa na mkeo mzungumze.

Kidole Juu: Boti isiyopinduka ipo, ni ile iliyofunikwa turubai nchi kavu.

Nahodha Mstaafu: Hata hiyo Wayfarer inalala. Kuna Mwingereza, Frank Dye, mwaka 1963 alitoka nayo Uskoti mpaka Iceland. Mwaka uliofuata akaelekea Norwe, dhoruba ikampindua zaidi ya mara moja, mlingoti ukavunjika, na akafika. Mimi mume wa dada yangu alinichukua siku moja, upepo ukawa nyuma yetu, tanga likahama upande bila taarifa. Ule mti wa chini ya tanga ulinipata hapa juu ya sikio. Mpaka leo tukikutana kwenye sherehe sikai naye meza moja.

Msafiri Mpya: Asanteni, ila naona mnanihukumu. Sitaki kumficha milele, nataka aipende kwanza. Na kurudi nyuma siwezi, boti nimeshalipia. Laser, imetumika lakini safi kabisa.

Fundi Tanga: LASER?

Chunguza Kwanza: Nilikuwa nasoma kimya, sasa hii ni chai. Laser ina urefu wa mita 4.23 na ni ya mtu mmoja. Wawili wanakaa kwa kubanana. Iliingia Olimpiki mwaka 1996 kama boti ya mwanamichezo mmoja mmoja. Nani anainunulia familia ya watu wanne? Mwenye uzi amekaa na simu anatunyweshea chai.

Kidole Juu: Sukari ipo?

Msafiri Mpya: Si chai. Muuzaji alisema watoto wanakua, na tukipenda tutapokezana.

Chunguza Kwanza: Haya, kama unayo, tuambie tanga lake linapandishwa na kamba ipi.

Msafiri Mpya: Halipandishwi. Mlingoti ni vipande viwili, unavichomeka, unavivika tanga kama soksi, ndipo unausimamisha wote kwenye tundu lake. Na muuzaji hakuniambia kwamba huwezi kulishusha kwa kamba ukiwa katikati ya maji. Hilo nimeligundua uani kwangu, nikizunguka nayo natafuta kamba isiyokuwepo.

Chunguza Kwanza: Hmm. Hiyo ya uani naikubali.

Mzee wa Joshi: Basi Laser iwe yako peke yako, familia ianze na boti za klabu. Nao wavae jaketi la kuelea linalowakaa sawasawa, watoto kamba ya kati ya miguu ifungwe. Mengi ni ya watu wanaojua kuogelea, hayamgeuzi aliyezimia uso ukaangalia juu.

Mama Wawili: Na mke?

Msafiri Mpya: Jumamosi anakuja kutazama tu. Nitamwambia tukishafika.

Mama Wawili: Mwambie leo. Yule mzee aliyekupa usukani ndiye atakayempokea getini, na cha kwanza atakachomuuliza ni kama amekuja na nguo za kubadilisha.