Nataka kutoa jiokoini yangu mwenyewe: naombeni ushauri kabla sijalipia kalibu

NyotaYaDira (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu. Nimekuwa nikisoma nyuzi zenu kimyakimya kwa muda mrefu, leo nimekuja na langu.

Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye jiokeshi, ule mchezo wa kusaka makasha yaliyofichwa kwa kutumia GPS. Makasha nayapenda, ila kilichoniteka ni sarafu. Kwa wasiozifahamu: jiokoini ni sarafu za chuma zenye michoro na rangi, kila moja ikiwa na namba yake ya siri. Ukiikuta ndani ya kasha unaichukua, unaingiza namba kwenye Geocaching.com, unaona ilikotoka na mikono iliyoipitia, kisha unaipeleka kwenye kasha jingine. Nyumbani ninazo sitini na kitu.

Sasa nimechora ya kwangu. Upande mmoja dira ya ncha nane ikielea juu ya mawimbi, upande wa pili kiganja kilichofunguka. Nawaza kutoa 100, nibaki na chache, zilizobaki niuze. Kiwanda kimeshanitumia mchoro wa mfano niuidhinishe, na nimekaa nao wiki nzima bila kujibu.

Ninachoomba kwenu: niende na enameli laini au ngumu? 100 ni nyingi au chache? Na hili la tatu ndilo linaloninyima usingizi. Miaka mitatu iliyopita niliachia sarafu niliyoipenda kuliko zote. Ilipita mikono 14, ikavuka mipaka ya nchi mara 4, kuna mtu aliipiga picha juu ya theluji nikaitazama picha ile kila siku. Kisha ikaachwa kwenye kasha moja, na aliyefuata akaandika maneno mawili tu: "sarafu haimo." Mpaka leo. Sasa hii ya kwangu, sarafu ya kwanza kabisa kutoka kwenye kalibu yangu, niiachie isafiri au niifungie kabatini?

FundiKalibu

Mkuu, hongera kwa kufika hapo. Nimeshatoa tatu, na mbili kati ya hizo zilinifundisha kwa hasara, kwa hiyo nitakwambia kwa kirefu.

Enameli laini ni rangi inayodondoshwa kwenye vibonde vya chuma halafu inaokwa. Ikikauka inabaki chini kidogo ya kingo za chuma, ndiyo maana ukipitisha kidole unaisikia mistari. Enameli ngumu hujazwa hadi juu, huokwa, kisha husuguliwa mpaka rangi na chuma viwe usawa mmoja, nyororo kama kioo. Ngumu huvumilia mikwaruzo zaidi, na kwa sarafu itakayogongana na funguo na kokoto ndani ya kasha hilo si jambo dogo. Lakini kwa sababu ya kule kusuguliwa, ile michovyo ya kizamani (utando wa madini unaofunika sarafu) yenye weusi uliotulia kwenye vibonde haipatani nayo. Dira yako, kwa ulivyoieleza, inaudai ule weusi. Ningekuwa wewe ningechukua laini, mchovyo wa fedha ya kizamani, na nisingeifunika kwa epoksi, ile gundi angavu inayogandishwa juu ya rangi. Epoksi inalinda rangi, sawa, ila inaua raha yote ya kuishika.

Ukubwa: nyingi ziko kati ya milimita 38 na 50. Yangu ya kwanza ilikuwa 38 na nikaijaza michoro kama ramani ya mji. Kilichorudi kilikuwa madoa. Ncha nane na mawimbi vinahitaji nafasi, usishuke chini ya 44. Kiwanda nilichofanya nacho kazi hakikukubali mstari wa chuma mwembamba kuliko milimita 0.2. Rangi zitaje kwa namba za Pantone, ule mfumo wa kuzipa rangi namba, maana ukiandika "bluu ya bahari" utaletewa bahari ya mtu mwingine.

Na kubwa kuliko yote hayo: namba ya ufuatiliaji umeitengea wapi?

NyotaYaDira

Shukrani sana mkuu. Namba ipo chini ya ncha ya kusini, juu ya mawimbi.

FundiKalibu

Nilihofia hivyo hivyo. Usiidhinishe bado.

Kalibu hupiga kila kitu kwenye sarafu isipokuwa namba. Namba hutofautiana sarafu kwa sarafu, kwa hiyo huchongwa mwishoni, moja moja, mara nyingi kwa leza. Kwenye sarafu yangu ya pili niliiweka juu ya magamba ya samaki, herufi zenye kimo cha milimita moja na nusu. Kwenye skrini ilipendeza. Mkononi, 8 na B zilikuwa mapacha. Nikaanza kupata ujumbe wa watu walioko porini wakiniambia namba inakataa. Mmoja alijaribu mara sita akiwa ameishika tochi kwa meno, akakata tamaa akairudisha kwenye kasha bila kurekodi chochote. Sarafu isiyorekodiwa ni kama haikusafiri.

Acha kipande bapa cha chuma kitupu, bila rangi wala mchoro, chenye urefu wa milimita 12 hivi. Sogeza mawimbi yaipishe namba.

Na uhakikishe ni namba halali. Huwezi kuzitunga mwenyewe. Hununuliwa kwa kampuni inayoendesha Geocaching.com, na kwa kawaida kiwanda au muuzaji wa sarafu ndiye anayekushughulikia. Kama ulikuwa na mpango wa kumweka Signal, yule chura wao, pembeni ya dira, muondoe mpaka upate ruhusa yao. Ana hakimiliki.

PolepoleNdio

Kuhusu idadi. Kalibu unailipia mara moja, utoe 50 au 500. Ndiyo maana kila kiwanda kitakuonyesha jinsi bei ya sarafu moja inavyoshuka ukiongeza idadi, na ndipo watu wanaponaswa. Fungua maagizo ya awali kwanza, wiki tatu zinatosha. Hesabu walioahidi na kulipa, siyo waliobonyeza kupenda. Ongeza za kwako na chache za akiba kwa zitakazokuja na kasoro, kisha uagize. Mimi ninalo boksi zima la sarafu ambazo hazikuuzwa na kila nikifungua kabati naliona.

BintiRamani

Kaka NyotaYaDira, mimi ni mnunuzi na mkusanyaji, ninazo zaidi ya 400, kwa hiyo nisikilize kwa upande wa pili wa meza.

Utashawishiwa kutoa matoleo mengi. Kalibu ile ile, unabadilisha mchovyo na rangi, hii inaitwa toleo la kawaida, ile toleo dogo, nyingine toleo dogo zaidi. Mawili nayaelewa. Yakifika matano au sita naona mtengenezaji anaivunja heshima ya sarafu yake, maana sisi wakusanyaji tunapenda seti kamili na tunasikia uchungu kuikosa moja. Toa toleo moja la kuuza na moja dogo la kuwapa waliokusaidia. Ukisema ni 100, ziwe 100 kweli. Wanaokusanya wana kumbukumbu ndefu.

Pili, uza zikiwa hazijawashwa, yaani hazijasajiliwa kwenye Geocaching.com kwa namba ya kuwashia. Sarafu ikishawashwa kwenye akaunti ya mtu, yeye ndiye mmiliki kwenye ukurasa wake, na ingawa umiliki unaweza kuhamishwa kwenda akaunti nyingine, mnunuzi anataka jina lake liwe la kwanza. Hakikisha kila mnunuzi anaelewa anavyoipata namba ya kuwashia. Nimewahi kununua sarafu nzuri ajabu kwa mtu aliyepotea na namba hiyo, nikaishia kuwa na pambo.

Tatu, picha za tangazo. Ficha namba! Niliwahi kupandisha picha ya trei nzima bila kufikiria. Ndani ya siku mbili watu nisiowajua, ambao hawajawahi kukanyaga niliko, walikuwa wamerekodi kwamba "wameziona" sarafu zangu. Namba zikishaingia kwenye orodha zinazozunguka mitandaoni huzirudishi. Nilizifuta kumbukumbu moja moja na kila iliyofutwa ilizaa nyingine.

Na kama utaziweka kwenye albamu, epuka kurasa za plastiki laini ya PVC. Hutoa kemikali zinazokula chuma, shaba hasa, na kuacha utando wa kijani unaonata. Kapsuli ngumu ni salama. Sarafu zenye mchovyo wa kizamani usizing'arishe kamwe, utaufuta weusi ulioulipia.

MlinziWaMakasha

Naomba nizungumzie lile la tatu, kwa sababu naona wengine wamelipita.

Ninatunza makasha zaidi ya 30. Sarafu nyingi hazichukuliwi na wezi. Anayeanza mchezo anasoma kwamba ukichukua kitu uache kitu chenye thamani sawa, anaona sarafu inang'aa, anaacha mpira mdogo na kwenda zake kwa amani. Hajui kwamba sarafu haibadilishwi, inasafirishwa. Wengine wanaichukua kwa nia njema, inalala kwenye mkoba wa safari, mchezo unawatoka akilini. Nyingine zinaondoka na kasha zima, mafuriko au mfagiaji. Ndugu yangu, ile sarafu yako ya theluji inaweza kuwa ndani ya droo ya mtu ambaye hakukukusudia ubaya wowote.

Unachoweza kufanya: iambatishe kwenye kikadi kilichofunikwa plastiki, uandike kwa maneno machache, "Mimi ni msafiri, sibadilishwi. Ingiza namba yangu, nipeleke kwenye kasha jingine." Weka lengo, watu huwa makini na sarafu yenye pa kwenda. Iache kwenye kasha kubwa linalotunzwa, si kikopo cha kando ya barabara. Ukiona mtu amekaa nayo zaidi ya wiki mbili, muulize kwa upole.

Ya kwanza yako usiiachie. Ipige picha pande zote mbili, chapisha, funika kwa plastiki, na hiyo nakala ndiyo isafiri kwa namba ile ile. Ikipotea unachapisha nyingine. Sarafu yenyewe inabaki nyumbani.

HatuaElfu

Nakuheshimu Mlinzi, ila hapa sikubaliani nawe hata kidogo.

Mchezo huu ulianza tarehe 3 Mei 2000 kwa ndoo nyeusi iliyofukiwa karibu na Beavercreek, Oregon, siku moja baada ya Marekani kuacha kuipunguzia GPS ya raia usahihi wake. Aliyeiweka alijua inaweza kuibwa. Mwaka uliofuata, 2001, mchezaji anayejiita Moun10Bike akaanza kutoa sarafu zake na kuziweka ndani ya makasha, na sarafu za kufuatiliwa zikazaliwa hapo. Angezifungia nyumbani tusingekuwa na uzi huu leo.

Nimewahi kufungua kasha baada ya saa tatu za kupanda mlima nikakuta kipande cha karatasi chenye picha ya sarafu. Nilirekodi, nikaisogeza mbele kama inavyotakiwa. Lakini sikuhisi kitu. Mwezi huohuo nilikuta sarafu ya kweli, nzito, baridi, rangi imechubuka upande mmoja. Nilikaa nayo chini ya mti nikisoma safari yake yote. Uzito ule ndio unaomfanya mtu aandike sentensi nne badala ya moja.

BintiRamani

HatuaElfu una hoja, lakini iliyo mbali kuliko zote hatuwezi kuishika. Roboti ya Perseverance iliyotua Mars Februari 2021 imebeba kisahani cha polikaboneti chenye namba ya ufuatiliaji, sehemu ya kibao cha kusawazishia vipimo vya SHERLOC, kifaa cha uchunguzi cha roboti hiyo. Ili uirekodi unaitafuta namba kwenye picha zinazoletwa na roboti. Nililia nilipoiona.

HatuaElfu

Dada, hiyo imesafiri yenyewe, haikutuma picha yake iende badala yake.

Mpita_Vichakani

Kama bajeti inabana, angalieni pia Pathtags. Ni vidogo, visarafu vya kubadilishana, navyo vina namba za kufuatilia kwenye tovuti yao. Na GeoKrety, iliyoanzia Poland, inakuruhusu kufuatilia kitu chochote bure, hata kijiti. Siyo sarafu ya kwenye kabati, lakini mtu anajifunza kuachia kwa vitu hivyo kabla ya kuachia anachokipenda.

NyotaYaDira

Wakuu, nimesoma kila neno, mengine mara mbili. Asanteni kutoka moyoni.

Mchoro nimeurudisha kiwandani asubuhi hii. Milimita 44, enameli laini, fedha ya kizamani, mawimbi yamesogea na chini ya ncha ya kusini kuna kipande kitupu cha milimita 13. Matoleo mawili tu. Maagizo ya awali nitayafungua nikipata sampuli mkononi, si kabla.

Kuhusu ya kwanza, Mlinzi na HatuaElfu mmenigombanisha na nafsi yangu usiku kucha. Nimeamua hivi: namba 1 inabaki nyumbani, wala sitatoa nakala yake isafiri. Namba 2 itaondoka, ya chuma, na kikadi kama alivyoeleza Mlinzi. Lengo lake litakuwa lile kasha ambamo ya kwangu ya theluji ilionekana mara ya mwisho. Mwenye kasha nimeshamwandikia, amesema atalikagua na kulikausha kabla haijafika.

Sampuli ikija nitaweka picha hapa, kidole gumba kikiwa juu ya namba.